Kiti cha umeme kikigoma kwenye gari la zamani: jinsi ya kuutafuta ubovu hatua kwa hatua

Kiti cha umeme kikigoma, neno la kwanza kusikika gereji ni "mota imekufa". Mara nyingi haijafa. Mota ya kiti huzunguka sekunde chache kwa siku, na siku nyingine haiguswi kabisa, hivyo kazi yake kwa mwaka mzima haizidi saa moja au mbili. Vinavyochoka mapema ni vile vinavyoizunguka: fyuzi iliyoshika kutu, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari) iliyolegea chini ya kapeti, swichi iliyojaa vumbi, grisi iliyoganda, kebo iliyochomoka. Kwa sababu hiyo mota tutaiacha hadi mwisho, na wewe usitume hela ya mota Dar es Salaam kabla hujapima.

Huku Nyanda za Juu Kusini yapo mambo matatu yanayovisumbua viti hivi kuliko kwingine. La kwanza ni baridi ya Juni hadi Agosti, hasa Njombe, Makete na Uporoto, inayoifanya grisi ya zamani kuwa ngumu kama nta. La pili ni mvua ya Tukuyu na Rungwe nzima, inayopenya ndani na kukaa kwenye sponji ya kapeti kwa wiki kadhaa bila mwenye gari kujua. La tatu ni vumbi la kiangazi, linalonata kwenye grisi ya reli mpaka linakuwa msasa.

Mifano mingi hapa inatoka kwenye Mercedes-Benz W126, iliyoanza kutengenezwa 1979 na ambayo swichi yake iko mlangoni ikiwa imechongwa umbo la kiti, na kwenye Toyota Crown za mwishoni mwa miaka ya 1980. Njia ya kupima ni ileile kwa gari lolote la volti 12 ambalo swichi inapeleka umeme moja kwa moja kwenye mota.

Sikiliza kabla hujafungua

Zima redio, funga vioo, washa ufunguo bila kuwasha injini. Baadhi ya magari huruhusu kiti kufanya kazi ufunguo ukiwa umezimwa, mengine hutaka ufunguo uwashwe au mlango uwe wazi, kwa hiyo jaribu hali zote kabla ya kusema kiti kimekufa. Bonyeza kila upande kwa sekunde mbili, huku msaidizi akiangalia mwanga wa taa ya ndani.

Kimya kabisa na taa haififii hata kidogo: umeme haufiki. Tafuta kwenye fyuzi, relei (swichi inayowashwa na umeme), waya, swichi au ethi.

Kimya lakini taa inafifia: umeme unafika na kitu kimekwama. Achia haraka, maana mota iliyokwama huvuta ampea nyingi mara kadhaa kuliko inayozunguka, na hapo ndipo inapoungua kweli.

Mota inalia vizuri na kiti hakisogei: kebo imechomoka au gia imekula meno. Umeme ni mzima, usiuguse.

Kiti kinaenda polepole pande zote mbili: ethi mbovu, betri dhaifu au grisi ngumu.

Kinaenda mbele, hakirudi nyuma: karibu kila mara ni swichi.

Kinasimama katikati ya safari, kisha baada ya dakika chache kinakubali tena: ndani ya mota au kwenye mstari wa umeme kuna kinga ya joto inayojikata na kujirudisha. Inafanya kazi yake sawasawa. Tafuta kinachoichosha mota.

Na hiki kinachowapoteza wengi wa Njombe na Mbeya: kiti kinachokataa saa kumi na mbili asubuhi na kukubali saa saba mchana. Hiyo ni grisi. Ukitaka uhakika, azima draya ya nywele saluni, elekeza hewa ya moto kwenye gia boksi ya chini ya kiti kwa dakika tano, kisha bonyeza. Kikisogea, weka mita kando na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya grisi.

Vya kuandaa

Mita ya umeme ya kawaida inatosha, lakini itengenezee waya wa nyongeza wa mita tatu ili ncha moja ifike kwenye betri huku wewe ukiwa ndani. Pamoja nayo tengeneza taa ya kupimia kwa balbu ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili. Taa hii ni muhimu kuliko mita. Waya uliobakiwa na uzi mmoja unaogusa kwa shida utaionyesha mita volti 12 bila shida, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, na waya mbovu hauwezi kuzibeba: balbu itawaka hafifu au haitawaka.

Chukua pia betri ya bodaboda ya volti 12, iliyounganishwa na fyuzi ya ampea 15 kwenye waya wake chanya. Utaitumia kujaribu mota ikiwa imechomolewa. Soketi 13 na 14, alen 6, bisibisi, plaizi ya ncha nyembamba, dawa ya kusafishia swichi, msasa laini namba 600 na 1000, lita moja ya mafuta ya taa, mswaki wa zamani, grisi nyeupe ya lithiamu namba 2, na rula.

Tahadhari moja usiivuke. Gari la miaka ya 1990 linaweza kuwa na mfuko wa hewa ndani ya kiti au mkanda unaojikaza kwa baruti. Plagi zake kwa kawaida ni za njano. Chomoa taminali hasi ya betri, subiri dakika kumi kabla ya kuzigusa, na kamwe usizipime kwa taa wala mita. Kabla ya kuchomoa betri, hakikisha unayo namba ya siri ya redio ikiwa redio ni ya asili.

Betri na fyuzi

Pima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.6 ni nzima, 12.2 imeshuka nusu, chini ya 12 usiendelee mpaka uichaji. Injini ikiwashwa inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Kiti kikisogea vizuri injini ikiwaka na kulegea ikizimwa, anza na betri.

Fyuzi za Mercedes za wakati huo ni zile za mwili mweupe au wa rangi, zenye ncha pande zote mbili: nyeupe ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Ubovu wake hauonekani kwa macho. Utepe unaweza kuwa mzima, lakini ncha zimeota ukungu mweupe na umeme haupiti. Zizungushe kwa kidole mara kumi kila moja palepale zilipo. Ukisikia kiti kimeamka, umepata jibu. Kisha badilisha zote, uchague za shaba badala ya alumini, na usugue vibanio vyake kwa msasa namba 1000. Magari mengi ya Kijapani ya umri huo hulinda kiti kwa sakiti breka (swichi inayojikata umeme ukizidi), mara nyingi ya ampea 30, badala ya fyuzi. Nyingine zina tundu dogo la kubonyeza kwa sindano ili kuirudisha.

Ukikuta karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi, simama. Aliyeiweka aliona fyuzi inakatika kila mara, na sababu ya kukatika bado imo ndani ya gari. Kagua nyaya za chini ya kiti zote kabla ya kurudisha umeme, maana reli za kiti hukata maganda ya waya na shoti ya hapo inawasha kapeti.

Ethi: mahali penye ubovu mwingi kuliko panavyotazamwa

Inua kapeti chini ya kiti. Bonyeza sponji yake kwa kitambaa kikavu au karatasi ya chooni. Ikilowana, umeshapata nusu ya tatizo. Kwa magari yanayolala nje Tukuyu au Kiwira, maji huingia kwa sababu matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele yamezibwa na majani. Yazibue kwa waya laini, mwaga lita moja ya maji uone yanatokea chini ya gari, kisha inua kapeti kwa vipande vya mbao na uliache gari juani milango ikiwa wazi. Sponji hiyo haikauki kwa siku moja.

Sasa pima. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye taminali hasi ya betri kupitia ule waya mrefu. Ncha nyekundu iguse waya wa ethi unaoingia kwenye swichi au kiti. Msaidizi abonyeze swichi. Mita inapaswa kusoma chini ya volti 0.5, na ikiwa chini ya 0.2 ni safi zaidi. Kisha fanya hivyo upande wa chanya: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya chanya unaoingia kwenye swichi, kiti kikiwa kimebonyezwa.

Chukua mfano. Betri ina volti 12.4, lakini kwenye plagi ya mota unapata 9.1 swichi ikiwa imebonyezwa. Volti 3.3 zimepotea njiani. Ukipima ethi ukapata 2.9, basi hizo 0.4 zilizobaki si za kuhangaika nazo. Fungua bolti ya ethi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza upya, paka grisi kidogo juu ili maji yasiingie. Dakika kumi, na kiti kinakwenda kama kilivyotoka kiwandani.

Ukilazimika kubadilisha waya, tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi, milimita za mraba 2.5. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiutie kabisa. Kiti kinatembea, na waya huo unakatikia ndani ya ganda baada ya miezi michache, mahali usipoweza kupaona. Maungio yachomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaojikaza kwa moto. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi kwenye kapeti linaloloa ni kurudi kazini baada ya masika.

Mlangoni na ndani ya swichi

Kama swichi iko mlangoni, nyaya zake hupita kwenye mpira ulio kati ya mlango na nguzo. Kila ukifungua mlango zinapinda. Zikishapinda kwa miaka thelathini, shaba hukatika ndani huku ganda likibaki zima. Kipimo ni rahisi: shikilia swichi imebonyezwa, kisha fungua na ufunge mlango taratibu. Kiti kikishtuka, vuta mpira utoke, na uvute kila waya kwa vidole. Uliokatika hunyooka kama lastiki.

Kuhusu swichi yenyewe ni lazima kuelewa inavyofanya kazi. Mota ina nyaya mbili. Swichi ikiwa imetulia, zote mbili zimeunganishwa kwenye ethi. Ukibonyeza mbele, waya mmoja huhamia kwenye chanya na mwingine unabaki kwenye ethi. Ukibonyeza nyuma, zinabadilishana. Maana yake ni hii: kiti kikikataa kwenda mbele, huenda upande wa "mbele" wa swichi ni mzima, na uchafu uko kwenye kituo (kibati cha kugusanisha umeme) cha mapumziko cha upande wa "nyuma", kile kinachotakiwa kushika ethi. Wengi husafisha upande mmoja tu, wanafunga, na ubovu uko palepale. Safisha vituo vyote vinne.

Chomoa plagi ya mota na uweke taa ya wati 21 kati ya nyaya mbili zinazotoka kwenye swichi. Bonyeza mbele: iwake sana. Nyuma: iwake sana vilevile. Ikiwaka upande mmoja tu, fungua swichi.

Ifungulie ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoona ndani, mikono yote miwili ikiwemo humo. Kuna springi na vijigololi vidogo kuliko punje ya mtama, na kikiruka kimoja sakafuni swichi haina kazi tena. Piga picha kila hatua. Vituo vyeusi visugue kwa msasa namba 1000 taratibu, kwa sababu tabaka la juu ni jembamba na likiisha kituo kinaungua upya. Kama kulimwagika chai au soda, osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili sukari itoke, kausha kabisa, ndipo utumie dawa ya swichi. Mafuta ya kulegezea bolti si dawa ya swichi. Yanabaki yakinata na kukusanya vumbi.

Kukitoa kiti

Bolti za nyuma huonekana kiti kikiwa mbele, za mbele kikiwa nyuma. Kiti kilichokufa kabisa ndicho chenye shida hapa. Chomoa plagi ya mota inayosogeza kiti mbele na nyuma, uipe umeme wa betri ya bodaboda moja kwa moja kwenye vipini vyake viwili (ncha za chuma za plagi). Ukitaka irudi upande wa pili, geuza nyaya. Mota isipozunguka, ichomoe kwenye gia boksi, uingize ncha ya mraba inayolingana na tundu la kebo na uzungushe kwa mkono. Dreli ya betri hurahisisha, lakini kwa mwendo wa chini kabisa.

Toyota nyingi zina bolti za kichwa cha 14. Mercedes huhitaji soketi 13 au alen, kutegemea mwaka. Bolti isiyolegea usiivunje. Mwagia mafuta ya kulegezea jioni, ufungue asubuhi. Kiti cha umeme ni kizito, kiinueni watu wawili na mfunike kingo za mlango kwa blanketi.

Kebo na kiti kilichopinda

Viti vingi vya Kijerumani vya wakati huo havina mota kwenye kila reli. Mota moja huzungusha kebo mbili, mfano wa kebo ya spidomita, kila moja ikienda kwenye gia boksi ya upande wake. Ncha ya kebo ni ya mraba. Kwa miaka, ganda la nje na kebo ya ndani hupishana urefu, ncha ya mraba inafika pembeni tu ya tundu lake, kisha inateleza. Upande mmoja unakwenda, wa pili unabaki, na kiti kinapinda. Ukiona kiti kimekaa mshazari, usibonyeze tena. Kila sekunde ya ziada inapinda reli.

Chomoa kebo, uitazame ncha kwa karibu. Ikiwa pembe zake bado kali, kebo ni nzima na kilichozidi ni ganda. Toa kebo ya ndani, kata ganda milimita tano kwa wembe, rudisha, na uone ncha imeingia ndani kiasi gani. Kata tena kidogokidogo ikibidi, lakini usizidi milimita 12. Ikiwa pembe zimelika na ncha imekuwa mviringo, jaribu kuigeuza ili ncha ya upande wa pili ikae kwenye mota. Zikiwa zimelika zote mbili, ndipo utafute kebo.

Kabla ya kufunga, sawazisha reli. Pima kwa rula kutoka mwisho wa reli hadi tundu la bolti, kushoto na kulia. Zungusha gia boksi iliyobaki nyuma kwa mkono hadi tofauti iwe chini ya milimita moja. Ukifunga kabla ya kusawazisha, kiti kitakula kebo mpya kama kilivyokula ya zamani.

Grisi

Toa grisi yote ya zamani kwa mswaki na mafuta ya taa, kwenye reli na kwenye skrubu ndefu. Petroli usitumie: mvuke wake ndani ya gari na cheche moja ya swichi vinatosha kuchoma kila kitu. Funika ngozi ya kiti, mafuta ya taa huitia doa. Futa hadi kitambaa kitoke kisafi.

Grisi mpya ni kijiko kimoja cha chai kwa kila skrubu, na utando mwembamba tu kwenye reli. Gia boksi jaza theluthi moja. Grisi nzito ya beringi za magurudumu haifai. Asubuhi ya Makete itaganda kama ile uliyoitoa. Oili chafu ya injini ndiyo mbaya zaidi, kwani inashika vumbi la barabarani ndani ya wiki chache.

Mota, sasa

Ukiwa umefika hapa na mota bado haizunguki hata kwa betri ya bodaboda, pima ukinzani kati ya vipini vyake. Mota nzima husoma omu chache. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe na utoe kiasi hicho kwenye jibu. Mita isiposoma kabisa, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hazigusi au kinga ya ndani imekatika. Zungusha shafti kwa mkono huku ukipima. Namba ikitokea na kupotea, ni kaboni.

Weka alama ya msumari kwenye kifuniko na mwili wa mota kabla ya kuifungua, ili isirudi kinyume. Kaboni iliyobaki chini ya milimita tano ibadilishwe. Ukikosa ya saizi hiyo, chonga kubwa kidogo kwa msasa mpaka iteleze kwenye nyumba yake bila kukwama. Sehemu ya shaba inayoguswa na kaboni isugue kwa msasa namba 600, kisha kwangua unga kwenye mifereji yake kwa sindano. Kama nyaya za ndani zimebadilika kuwa nyeusi na zinanuka kuungua, hiyo ndiyo mota iliyokufa kweli.

Ukiagiza ya mtumba kutoka Tunduma au Gerezani ya Dar es Salaam, tuma picha ya namba iliyochapwa kwenye mota, useme ni kiti cha kushoto au cha kulia, na uombe video ikizunguka pande zote mbili kabla haijapandishwa basi.

Kufunga na kujaribu

Unganisha plagi kiti kikiwa bado hakijafungwa bolti, ukijaribu kila upande. Kisha shika bolti zote nne kwa mkono kwanza, ndipo uzikaze. Toyota nyingi zenye bolti za kichwa cha 14 huhitaji kama Nm 37 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Peleka kiti mwisho wa mbele na wa nyuma mara tatu, ukipumzisha dakika mbili kila safari, huku ukiangalia nyaya hazibanwi na reli. Kama gari lina kumbukumbu ya mikao, ihifadhi upya, maana betri ilichomolewa.

Mwisho weka mita kwenye upimaji wa ampea kati ya taminali hasi na waya wake, ufunguo ukiwa umetolewa na milango imefungwa. Subiri dakika ishirini. Ikisoma zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi ya kiti: namba ikishuka, swichi moja imebaki imeshika na itamaliza betri usiku wa baridi.